Taka za nyumbani kisiwani: kuzika, kuchoma, kupeleka jaani, kuozesha au kuuza?

Jana jioni ndoo yangu ya taka ilikuwa na vitu saba: maganda ya ndizi, chicha ya nazi mbili, matumbo ya samaki aitwaye changu, mfuko wa karatasi wa unga, chupa za maji za plastiki, karatasi ya biskuti na pampasi moja ya mjukuu wangu. Nimevitaja vyote kwa sababu wanaohamia huku visiwani, na hata mabinti wanaoanza nyumba zao, huniuliza swali lile lile: taka nizizike, nizichome, nimpe mwenye punda, au niuze? Hutaka jibu moja. Kwa ndoo kama ile, jibu moja halipo, na anayelilazimisha ndiye anayeharibu kisima au pafu la mtoto.

Mimi ni mkazi wa Matondoni, upande wa pili wa kisiwa cha Lamu, katika nyumba yenye uwanja mdogo na kisima. Njia zote nitakazozitaja nimezijaribu, nyingine kwa miaka, na mbili nimeziacha. Nazipima kwa mambo ninayoyaogopa na ninayoyahitaji: maji ya kisima, moshi, wanyama, kazi ya mikono, na pesa kidogo ikipatikana.

Kwanza lazima tukumbuke tulipo. Mtu wa Malindi akijaza gunia la chupa na kuliweka kando ya barabara, lori linalorudi Mombasa tupu linaweza kulichukua. Gunia langu lazima lipande punda, lishuke gatini, livuke maji hadi Mokowe, ndipo likutane na barabara. Kila hatua ina mtu wa kulipwa. Kwa hiyo kitu chenye bei nzuri kwa kilo, kama shaba na alumini, hakikai kisiwani wiki mbili, na kitu chepesi chenye bei ndogo, kama chupa ya maji, hukaa mpaka upepo wa kusi uichukue. Ukilielewa hilo, nusu ya ulinganisho huu umeshaufanya mwenyewe.

Kuzika

Marehemu bibi yangu alikuwa na shimo la taka nyuma ya jiko, kama nyumba nyingi za wakati wake. Ndani yake kulikuwa na majivu, makumbi, vifuu, mifupa ya samaki na kigae cha chungu kilichovunjika. Shimo likijaa alilifukia, akapanda mpapai juu yake. Desturi ile tumeirithi, ila vinavyoingia shimoni si vile tena.

Kuzika kuna sifa mbili za kweli: hakugharimu kitu, na hakuna harufu ukifukia vizuri. Hapo ndipo wengi huishia kufikiri. Lakini visiwa vyetu ni mchanga, na maji matamu tunayochota ni mvua iliyochujwa na mchanga huo huo, ikakaa chini ikielea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mji mzima wa Lamu unategemea vilima vya mchanga vya Shela kwa maji yake. Mchanga hupitisha maji haraka, na haubagui mvua na maji ya taka.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Mwaka mmoja nilichimba shimo hatua kama kumi na tano kutoka kisimani, nikawa natupa humo matumbo ya samaki na mabaki ya chakula bila kutenga. Masika ilipoingia, maji ya kisima yakabadilika harufu. Tulichota ya jirani mpaka kiangazi. Baadaye ndipo nilipojua kipimo ambacho watu wa maji hutumia kwa vyoo vya shimo: mita 30 kutoka kisimani, na kitako cha shimo kibaki angalau mita 1.5 juu ya maji yaliyo chini. Chukua kipimo hicho hicho kwa shimo la taka. Kama uwanja wako hauna mita 30, na viwanja vingi havina, basi shimo la taka mchanganyiko si lako.

Plastiki iliyozikwa haiozi. Mvua na kuku huifukua, nawe unaikuta pale pale, imechakaa na kukatika vipande vidogo visivyookoteka.

Bado nazika kitu kimoja: matumbo ya samaki yaliyobaki baada ya paka kushiba. Nayazika kina cha mkono hadi kiwiko, chini ya mdimu ulio mbali na kisima. Mdimu unashukuru.

Kuchoma

Hii ndiyo njia inayopendwa zaidi, nami naelewa kwa nini. Biwi la taka likiwashwa baada ya alasiri, magharibi uwanja ni safi. Hakuna shogi (matumba ya mzigo ya punda), hakuna nauli, hakuna kusubiri.

Lakini tazama kinachoungua. Makuti makavu, majani na karatasi tupu ni moshi wa kawaida, unaokera lakini unaisha. Plastiki ni jambo jingine, na mbaya kuliko zote ni ile ya mabomba ya maji na nyaya za umeme. Ikichomwa hutoa gesi kali ya asidi, na pia sumu ziitwazo dioksini. Dioksini haziishi moshi ukiisha. Zinatua na majivu, kuku wanadonoa pale pale, na kwa kuwa sumu hizi hukaa kwenye mafuta, hurudi nyumbani ndani ya yai. Kwa binadamu hupita hata kwenye maziwa ya mama. Moto wa uwanjani hauna joto la kuziteketeza.

Wako wanaosema wao huchoma kidogo tu. Nyumba zetu zimebanana, paa kwa paa, nyingine za makuti. Moshi wako ndio chumba cha kulala cha jirani, na kaskazi ikivuma cheche moja inatosha. Nimeona ndoo za maji zikipitishwa mkono kwa mkono usiku kwa sababu ya biwi lililodhaniwa limezimika. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu hakuna taka inayochomwa, isipokuwa vifuu na mifuko ya karatasi, navyo huingia jikoni kuwasha moto wa kupikia. Kifuu ni kuni nzuri kuliko nyingi za kununua.

Kwa hiyo mfuko wa unga wa ndoo ile ya jana umeshapata kazi.

Kumpa mwenye punda apeleke jaani

Ukikaa mjini Lamu, Mkomani au Langoni, njia hii ndiyo unayoiona kila asubuhi: punda wamebeba, vichochoro vyembamba, mtu mmoja nyuma yao. Vijijini ni lazima umpate mwenyewe na mkubaliane. Faida yake ni kubwa kwa mzee anayekaa peke yake na kwa mwenye nyumba isiyo na hata shubiri ya udongo. Unalipa kidogo, na taka haiko tena mlangoni.

Haiko mlangoni, lakini ipo kisiwani. Jaa letu ni mchanga ule ule, na upepo ule ule. Nailoni inayopeperuka hukamatwa na mikoko. Mchu, aina moja ya mikoko, hupumua kwa mizizi yake midogo inayochomoza juu ya tope, na plastiki ikilala juu yake, mti unakosa pumzi. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Hapo ndipo kamba na samaki wetu wanapolelewa. Inayofika baharini nayo hukutana na kasa, ambaye hawezi kutofautisha nailoni na konyeza anayemla.

Tena kuna punda wenyewe. Punda anayezurura usiku hafungui mfuko ili ale ganda la ndizi, anameza vyote. Plastiki ikijifunga tumboni, mnyama anakufa kwa maumivu ya siku kadhaa. Nimemwona mmoja, alikuwa wa jirani yangu, naye ndiye aliyekuwa akilisha nyumba ile. Ukitoa mabaki ya chakula kwenye taka za jaani, harufu inakwisha, na punda hana sababu ya kuugusa mfuko. Kwangu mimi, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kutenga.

Kijana anayechukua zangu hupiga hodi Alhamisi. "Shangazi, leo mna mzigo?" Zamani alijaza shogi zote mbili. Siku hizi mara nyingi namwambia apite wiki ijayo.

Kuozesha

Sasa nimefika kwenye njia ninayoipenda, na sitajifanya hakimu asiye na upande.

Zaidi ya nusu ya taka za jikoni mwetu ni vitu vinavyooza. Pima ndoo yako mwenyewe wiki moja kama huamini: maganda, chicha, majani ya mchicha, makokwa ya embe, makapi ya chai, mabaki ya ugali. Hiyo ndiyo sehemu nzito, inayonuka, inayoleta nzi na panya, na inayochafua karatasi na chupa zisiuzike. Ikiondoka kwenye ndoo, iliyobaki ni kavu na inaweza kukaa mwezi mzima kwenye gunia bila kumsumbua mtu.

Kabla ya kuozesha, lisha. Chicha kwa kuku. Maganda ya ndizi na ya embe kwa mbuzi, au kwa punda wa jirani, mradi uyatoe kwa mkono na si ndani ya mfuko. Vichwa vya samaki kwa paka, na Lamu haijawahi kukosa paka. Kinachobaki ndicho cha mboji.

Mimi nilichomeka boriti fupi nne, nikazungushia nyavu kuukuu ili punda na kuku wasiingie. Chini niliweka vijiti ili hewa ipite. Kila nikimwaga kapu moja la taka mbichi, naweka juu yake makapu mawili au matatu ya vitu vikavu: majani yaliyoanguka, makuti yaliyokatwakatwa, vumbi la mbao. Vumbi la mbao kwetu si tatizo, kijiji cha mafundi wa majahazi hakikosi. Nikipata kinyesi cha punda, naongeza, kwa kuwa huharakisha sana. Mwani nao unafaa, lakini uoshe chumvi kwanza.

Makosa ya wanaoanza ni mawili. La kwanza ni kumwaga mbichi juu ya mbichi bila kavu. Hapo utapata uvundo na funza, na majirani watakuja kukusemesha. La pili ni kusahau maji. Kiangazi cha huku hukausha lundo likawa kama makuti ya paa, na kitu kikavu hakiozi. Chukua konzi moja ukamue: ikiwa na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, sawa. Lundo lililo hai huwa na joto, na la ukubwa mzuri hufika hata nyuzi 55 na zaidi katikati. Geuza kila wiki mbili, na kwa joto letu utapata mboji ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Samaki, nyama na mafuta mengi usitie.

Kazi ipo, sikatai. Dakika tano kila jioni, na asubuhi moja ya kugeuza. Lakini mchanga wetu haushiki maji, unamwagilia mchicha asubuhi na adhuhuri umeshakauka. Mchanga niliouchanganya na mboji hunishikia maji mpaka kesho yake. Bilinganya na pilipili za pale nje zimepunguza safari zangu za sokoni, na hiyo nayo ni pesa ingawa hakuna anayenihesabia mkononi.

Kuuza na kurejelesha

Hapa watu hutarajia mengi mno au hawatarajii chochote. Vyuma chakavu ndivyo vinavyolipa: sufuria za alumini zilizotoboka, mikebe, vyuma vya baiskeli, nyaya za shaba. Wanunuzi huvifuata wenyewe mpaka mlangoni. Usichome nyaya ili kupata shaba. Menya kwa kisu au iuze vile ilivyo.

Plastiki hulipa kidogo kwa kilo, na chupa tupu ni nyepesi, gunia zima halifiki mbali kwenye mizani. Anayetegemea kutajirika atavunjika moyo. Lakini kama hutafuti utajiri bali kuiondoa kisiwani, hii ndiyo njia pekee inayoiondoa kweli. Na si ndoto. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walimaliza jahazi la mita 9 hivi, la kwanza kuundwa kwa plastiki iliyorejeleshwa, likavishwa ndara zilizookotwa ufukweni, kama 30,000. Zilitumika tani 10 hivi za plastiki. Mwaka uliofuata lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Jina lake ni Flipflopi, na mradi wake umeendelea hapa Lamu kukusanya plastiki na kuigeuza mbao za kuundia vitu. Mimi binti wa ukoo wa mafundi wa majahazi, siku nilipoliona likielea nilibubujikwa na machozi.

Si kila plastiki inayofaa. Geuza chombo utazame kitako chake: pembetatu ya mishale yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni madumu ya mafuta na chupa za sabuni. Namba 5 ni ndoo, beseni na makopo ya siagi. Hizo hutafutwa. Karatasi ya biskuti na ya kripsi haina soko, kwa kuwa ni tabaka za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja, hazitenganishiki. Uza safi: suuza kwa maji uliyooshea vyombo, kanyaga itoke hewa, funga kifuniko, tia kwenye gunia la nyavu la vitunguu lililotundikwa. Lisipotundikwa chupa hushika maji ya mvua na mbu huzaliana humo. Wazee wetu waliweka visamaki kwenye birika la chooni ili wale viluwiluwi vya mbu. Kwenye gunia la chupa hakuna samaki wa kutusaidia.

Uliza bei kabla ya kubeba, tena ulizeni pamoja. Sisi nyumba sita tunaunganisha magunia, nauli ya punda na ya chombo inagawanyika. Nyumba moja peke yake nauli inameza mauzo yote.

Chupa za kioo hazinunuliwi kwa urahisi huku. Tia mafuta ya nazi, achari au asali, au wape wanaouza vitu hivyo.

Vile visivyo na njia nzuri

Pampasi sijaipatia jibu zuri. Kwenye moto haiwaki kwa unyevu, inafuka tu. Ukiizika, ndani yake kuna plastiki na kuna kinyesi, yaani madhara mawili kwa kisima. Iliyo bora miongoni mwa mbaya ni kukung'uta kinyesi chooni, kuikunja vizuri na kuituma jaani ikiwa imefungwa. Kwangu tumerudi kwenye nepi za kitambaa mchana, pampasi ni ya usiku na ya safarini. Binti yangu alinuna wiki ya kwanza. Sasa ananunua pakiti moja pale aliponunua tatu.

Betri ziweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko mpaka apatikane anayekwenda Mombasa azifikishe kwa wanaokusanya taka za umeme. Usichome, nyingine hulipuka. Sindano za mgonjwa wa sukari tia kwenye dumu gumu uzirudishe kwenye kituo cha afya. Mtoto wa mwenye punda asichomwe mkono kwa sababu yetu.

Ipi ni yako?

Ukiwa na uwanja wenye kivuli, hata wa hatua tatu kwa tatu, anza na mboji leo, na plastiki itundike. Mengine yatafuata. Ukiwa kijijini kisiwa cha Pate, Siyu au Kizingitini kwa mfano, ambako nauli ya kwenda Lamu ni kubwa, uwe mkali zaidi mlangoni: nunua sukari na mchele wa kupimwa, nenda sokoni na kapu la ukili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya nzima tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kapu la Matondoni hudumu miaka. Siku ya harusi, sinia moja kwa watu wanne haliachi taka hata moja. Sahani za kutupwa kwa watu mia mbili zitakuwa jaani kabla bibi harusi hajafuta hina.

Ukiwa ghorofani mjini bila udongo, usijilazimishe kuozesha ndani, utachukia. Tumia vyombo viwili, ndoo yenye mfuniko kwa mbichi, na gunia kwa kavu. Mbichi mpe kila siku mtu mwenye mbuzi au shamba. Wengi wanazitaka wakijua hazina wembe wala nailoni ndani. Kavu mpe mwenye punda au mkusanyaji. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka nayo inataka hivyo hivyo, vinavyooza kando na visivyooza, kwa hiyo hutafanya kitu cha ajabu.

Na kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu mwezi huu, usihangaike na plastiki kwanza. Weka kapu la pili jikoni kwa ajili ya maganda. Vile vitu saba vya jana, vinne havimo tena kwenye ndoo leo, kwa kuwa kuku, paka, mdimu, mboji na jiko vimeshavichukua. Chupa zimetundikwa. Kwenye ndoo ilibaki karatasi ya biskuti na pampasi, na kijana wa punda ataikuta nyepesi Alhamisi.